Mgawanyiko wa kisiasa na uwajibikaji wa viongozi: maswali ambayo wakazi wa Dar es Salaam huyauliza kila mara

Maswali haya ndiyo yanayojirudia vijiweni, kwenye mikutano ya mitaa, ndani ya mwendokasi na kwenye magrupu ya WhatsApp, kuanzia Mbagala hadi Goba. Yamepewa namba ili jibu moja likuelekeze kwenye jingine bila kurudia maneno.

## Mambo ya msingi

1. Mgawanyiko wa kisiasa ni nini? Si ndiyo hali ya kawaida ya vyama vingi?

Hapana. Vyama vingi vilirudi nchini Julai 1992, na kubishana kuhusu kodi, katiba au bandari ni jambo halali kabisa. Mgawanyiko unaozungumzwa hapa ni ule unaofika mahali watu wakaacha hoja wakabaki na upande. Dalili zake unazijua: huyu anaitwa nyumbu, yule anaitwa chawa, na mtu aliyeuliza kwa nini maji hayatoki wiki ya pili anajibiwa kwa kuulizwa yeye ni wa chama gani.

Wataalamu hutenganisha watu kupishana kwa sera na watu kuchukiana. Kwetu la pili ndilo kubwa. Soma ilani za vyama vyetu vikubwa upande wa elimu, afya na barabara, utaona zinafanana mno. Kinachowaka si sera, ni kutoaminiana.

2. Na kumwajibisha mwanasiasa maana yake ni nini?

Ni mambo matatu kwa pamoja: ujue alichofanya, ujue kwamba ni yeye aliyefanya na si mwingine, halafu uwe na njia ya kumfanya aonje matokeo yake. Kura ni njia mojawapo. Nyingine ni Bunge, Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), mahakama, vyombo vya habari na mkutano wa mtaa. Mgawanyiko unaweza kuharibu lolote kati ya hayo matatu, ila watu wengi huliona la mwisho peke yake.

3. Sasa mgawanyiko unaipunguziaje nguvu kura yangu?

Kwa kupandisha gharama ya kumwadhibu mtu wa upande wako. Chukua mbunge aliyekula hela za mradi. Siasa zikiwa tulivu, mpiga kura anamwacha na kumjaribu mwingine. Hasara yake ni ndogo, maana huyo mwingine naye anavumilika. Siasa zikiwa za uadui, kumwacha wako ni kuwakabidhi nchi watu unaoamini wataiuza au wataichoma. Hapo hela za kalavati zinaonekana kitu kidogo. Mpiga kura anapiga hesabu, anameza machungu, anamrudisha yuleyule.

Mwanasiasa naye anaijua hesabu hiyo. Akishabaini kwamba hamna pa kwenda, hana sababu ya kuhangaika na barabara yenu; inamtosha kuwakumbusha kila wiki jinsi wale wengine walivyo wabaya. Ndiyo maana kiongozi aliyebanwa kwa tarakimu hukimbilia kutaja mabeberu, wasaliti au mafisadi wa upande wa pili, kutegemea amesimama jukwaa gani.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2020 watafiti Matthew Graham na Milan Svolik walichapisha utafiti kuhusu wapiga kura wa Marekani: mgombea unayempenda akikiuka misingi ya demokrasia, utamnyima kura? Waliokuwa tayari kufanya hivyo walikuwa kama asilimia 3.5 tu, na kadiri mtu alivyokuwa na upande mkali ndivyo alivyosamehe zaidi.

Shabiki wa Simba au Yanga timu yake ikifungwa mechi mbili mfululizo anataka kocha afukuzwe, tena anapiga kelele palepale uwanjani, na hakuna anayemwambia amehamia kwa watani. Kwenye vyama vyetu mwanachama akisema kocha kashindwa, anaambiwa ametumwa.

4. Tatizo si wananchi kukosa taarifa tu?

Ni sehemu ya tatizo. Januari 2016 Serikali ilitangaza kwamba TBC haitarusha tena mijadala ya Bunge moja kwa moja kama ilivyozoeleka, na kwa mtu wa kawaida hapo ndipo ilipokatika njia rahisi ya kumwona mbunge wake akiwa kazini.

Lakini taarifa peke yake haitoshi. Kuna majaribio yaliyofanyika Uganda, Benin, Burkina Faso, Brazil na Mexico, matokeo yake ya pamoja yakatolewa 2019, ambamo wapiga kura walipewa habari za utendaji wa wanasiasa wao kabla ya uchaguzi. Kwa ujumla kura hazikubadilika. Sababu ni nyingi na si mgawanyiko tu. Kwetu sisi, hata hivyo, angalia kinachotokea ripoti ya CAG ikitoka: kabla mtu hajauliza kama ni kweli, anauliza imemgusa nani.

5. Je, mgawanyiko hauna faida hata kidogo?

Unayo moja, nayo si ndogo: unampa mpinzani hamu ya kuchimba. Septemba 2007, Dk. Willibrod Slaa, wakati huo Katibu Mkuu wa Chadema, aliposoma "orodha ya mafisadi" viwanja vya Mwembe Yanga, Temeke, alikuwa na sababu za kisiasa za kufanya hivyo, na nchi ikapata mjadala ambao ndani ya chama kimoja usingefunguka. Shida huanza pale wa upande wa pili wanapokataa kusikia kwa sababu tu aliyesema ni Slaa.

## Hapa kwetu

6. Tanzania hatuna siasa za ukabila. Huo mgawanyiko uko wapi?

Uko kwenye kadi. Dar ni mji wa makabila yote, na hatupigi kura kwa kabila. Lakini ukihitaji barua ya utambulisho, ya kufungua akaunti ya benki au ya dhamana, mitaa mingi bado wanakuelekeza uanzie kwa mjumbe wa nyumba kumi. Mjumbe huyo ni kiongozi wa shina la CCM, si mtumishi wa Serikali. Watu wamezoea hivyo tangu enzi za chama kimoja, na wengi hawajui tofauti. Sasa fikiria mkazi anayetaka kulalamikia mwenyekiti wa mtaa huku kesho atahitaji mhuri wake. Hata kama hakuna atakayemnyima barua, hofu yenyewe inatosha kumfunga mdomo.

Upande wa upinzani nao una kadi yake, ya maneno. Jaribu kuhoji matumizi ya ruzuku ya chama mbele ya makamanda, yaani makada wa Chadema, uone utaitwaje.

7. Kuna mfano mmoja unaoonyesha wapiga kura wakigeuza msimamo kwa sababu ya upande?

Richmond, na sidhani kama upo ulio wazi zaidi.

Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu baada ya kamati teule ya Bunge, chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, kuwasilisha taarifa yake kuhusu mkataba wa umeme wa dharura wa Richmond. Mawaziri Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha waliondoka naye. Mwenyewe alikana kuhusika, na hakuwahi kushtakiwa mahakamani. Kwa miaka saba upinzani ulilitumia jina lake kama kielelezo cha ufisadi; lilikuwamo kwenye orodha ya Mwembe Yanga. Wana-CCM wengi, kwa upande wao, walisema ni fitina za wanaotaka urais.

Julai 2015 Lowassa akakatwa kwenye mbio za urais ndani ya CCM, akahamia Chadema na kusimama kwa tiketi yao akiungwa mkono na Ukawa, umoja wa vyama vya upinzani. Ndani ya wiki chache maneno yalibadilishana vinywa. Waliokuwa wakisema "fisadi" wakaanza kusema "mwenye ushahidi aende mahakamani". Waliokuwa wakisema "fitina" wakaanza kukumbusha Richmond kila jukwaa. Dk. Slaa alikataa kugeuka na akajiweka kando. Lowassa alipata karibu asilimia 40 ya kura. Machi 2019 akarudi CCM, na wimbo ukageuzwa tena.

Katika miaka yote hiyo, nyaraka za Richmond hazikuongezeka ukurasa. Kilichobadilika ni shati la mtuhumiwa. Na swali ambalo mlipa kodi alipaswa kulishikilia, kwamba fedha zilitokaje na nani azirudishe, halikuwa na mwenyewe wakati wowote.

8. Vyama tofauti vimewahi kushirikiana kumbana kiongozi?

Ndiyo, tena Richmond yenyewe ya 2008 ni mfano: Mwakyembe alikuwa mbunge wa CCM akimchunguza Waziri Mkuu wa CCM. Mwingine ni Escrow. Mwaka 2014 Kamati ya Hesabu za Serikali (PAC) iliongozwa na Zitto Kabwe wa upinzani, makamu wake akiwa Deo Filikunjombe wa CCM, na wote wawili walisimama na taarifa ileile kuhusu fedha za akaunti ya Tegeta Escrow. Matokeo yalionekana: Mwanasheria Mkuu Frederick Werema alijiuzulu Desemba 2014, Profesa Anna Tibaijuka akaondolewa uwaziri mwezi huohuo, na Profesa Sospeter Muhongo akajiuzulu Januari 2015.

Kilichofanya kazi pale ni kwamba mwananchi hakuweza kuitupa taarifa kwa kusema "hao ni wale". Ilikuwa na sahihi za pande zote mbili.

9. Mwaka 2015 upinzani ulichukua majimbo mengi Dar. Uwajibikaji uliongezeka?

Ushindani uliongezeka. Uwajibikaji ni hadithi nyingine.

Kati ya majimbo kumi ya wakati ule, sita yalikwenda Ukawa: Kawe, Ubungo, Kibamba, Ukonga, Kinondoni na Temeke. Jiji likapata meya wa Chadema, Isaya Mwita, Machi 2016 baada ya uchaguzi kuahirishwa mara kadhaa. Wakati huohuo, kodi ya majengo ilihamishiwa TRA, na mwaka 2017 ikaanzishwa TARURA iliyochukua barabara za mijini na vijijini kutoka halmashauri. Meya aliondolewa Januari 2020, na Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa, Manispaa ya Ilala ikapandishwa kuwa Jiji.

Zipo sababu za kiutawala za kutetea kila hatua hapo. Lakini mtazame mkazi wa Goba ambaye barabara yake imekuwa mtaro. Diwani anamwambia fedha zimechukuliwa na Serikali Kuu. Serikali Kuu inamwambia mlichagua wapinzani wasiojua kazi. Kila upande una mashabiki wa kuimba jibu lake, na mkazi hawezi kujua amkasirikie nani. Hili ndilo jambo la pili kwenye swali la 2, na kwa maoni yangu ndilo linaloumia zaidi Dar kuliko hata chuki yenyewe. Siku hizi chama ni kimoja kuanzia mtaa hadi Ikulu, kwa hiyo kisingizio hicho kimeisha. Barabara ya Goba unaweza kwenda kuiangalia mwenyewe mvua za masika zikianza.

## Sheria inasemaje

10. Tunaweza kumwondoa mbunge kabla ya miaka mitano?

Hapana. Katiba ya 1977 haina kipengele hicho. Rasimu iliyoandaliwa na Tume ya Jaji Joseph Warioba ilipendekeza wapiga kura wapewe haki hiyo, lakini mchakato uligawanyika Ukawa walipotoka Bunge Maalum Aprili 2014, na Katiba Inayopendekezwa iliyopitishwa baadaye haikwenda kwenye kura ya maoni. Kenya haki hiyo imo kwenye Ibara ya 104 ya Katiba yao ya 2010.

11. Kama vyama vyote vimenichosha, kwa nini nisimchague mgombea binafsi?

Kwa sababu sheria inataka mgombea adhaminiwe na chama. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania hili kwa miaka mingi. Alishinda Mahakama Kuu, Mahakama ya Rufani ikatengua 2010, na Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo hapahapa Arusha, ikasema katazo hilo linakiuka haki. Halijaondolewa.

Uhusiano wake na mgawanyiko ni wa moja kwa moja: mlango wa kumwadhibu mtu wako bila kuupigia kura upande usioutaka umefungwa.

12. Mbunge akihama chama, kura zetu zinakwenda wapi?

Anapoteza kiti, kwa mujibu wa Ibara ya 71, na uchaguzi mdogo unaitishwa. Dar tumeyaona: wabunge wa Kinondoni, Temeke na Ukonga waliochaguliwa kwa tiketi za upinzani 2015 walihamia CCM kati ya mwisho wa 2017 na 2018 na kurudi bungeni kwa tiketi mpya. Temeke alipita bila kupingwa, yaani hata nafasi ya kumuuliza kilichomhamisha haikupatikana.

13. Na wabunge wa viti maalum, wanawajibika kwa nani?

Kwenye karatasi, kwa chama kilichowapendekeza. Lakini kuna kisa cha wanawake 19 wa Chadema walioapishwa Novemba 2020, wakavuliwa uanachama siku chache baadaye, wakaendelea kukaa bungeni hadi muhula ulipoisha. Baadhi yao waliongoza kamati za PAC na LAAC (ya hesabu za Serikali za Mitaa), zilezile zinazotakiwa kuwa jicho la upinzani kwenye hesabu za umma. Chama chao kiliwakana, wapiga kura hawakuwachagua moja kwa moja. Tafuta aliyebaki wa kuwahoji.

14. Kama upande wa pili haupo kwenye karatasi ya kura, bado tunazungumzia mgawanyiko?

Hapa ndipo nadharia nyingi za kutoka nje zinapotuacha njiani. Zinadhani tatizo ni wapiga kura kung'ang'ania pande mbili zenye nguvu zinazokaribiana. Sisi tumekuwa na hali tofauti: vyama vikuu vya upinzani vilisusia uchaguzi wa serikali za mitaa 2019, na ule wa Novemba 2024 CCM ilitangazwa kushinda karibu mitaa yote nchini. Uchaguzi Mkuu wa 29 Oktoba 2025 ulifanyika bila Chadema, mwenyekiti wake Tundu Lissu akiwa mahabusu kwa kesi ya uhaini, na Rais Samia Suluhu Hassan akatangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 97. Siku ya kura na zilizofuata kulikuwa na maandamano, watu waliuawa, intaneti ilizimwa, na Dar iliwekewa amri ya kutotoka nje usiku. Matokeo ya urais yakishatangazwa hayahojiwi mahakamani. Ibara ya 41(7) inakataza.

Kwa hiyo jibu ni ndiyo na hapana. Chuki ipo, pengine kali kuliko wakati wowote tangu 1992. Lakini anayeikosesha kura meno katika hali hiyo si mpiga kura mwenye ushabiki. Hana wa kumhamishia kura hata akitaka. Anayewalaumu wananchi wa Dar kwa "siasa za chuki" bila kugusa hilo anaanzia katikati ya habari.

15. Basi uwajibikaji si unaweza kutoka ndani ya chama tawala chenyewe?

Unaweza, na umewahi (swali la 8). Ila bei yake imepanda. CAG Profesa Mussa Assad alipozungumzia udhaifu wa Bunge, Bunge lilipitisha azimio la kutofanya kazi naye Aprili 2019. Job Ndugai, aliyekuwa kwenye kiti cha Spika siku hizo, naye alilazimika kujiuzulu Januari 2022 baada ya kuhoji mikopo ya Serikali. Luhaga Mpina, wakati huo mbunge wa CCM, alisimamishwa vikao 15 vya Bunge mwaka 2024 baada ya kumtuhumu Waziri wa Kilimo kwenye sakata la sukari. Wote watatu hawakuwa wapinzani.

## Mtaani

16. Nitamhojije kiongozi bila kubandikwa jina la chama?

Uliza kitu kidogo chenye namba. Kwenye mkutano wa mtaa mama mmoja akisimama kusema "viongozi mnatuibia", sauti ya nyuma itamaliza: "Huyo wa kule huyo!" na mkutano umekwisha. Mama huyohuyo akisema, "Mwenyekiti, tulichanga kalavati la kwa Mzee fulani, risiti ya saruji iko wapi na mifuko ilikuwa mingapi?" wanaomzunguka wote walichanga, wa kijani na wa bluu. Ni vigumu kumzomea mtu anayedai hela yako.

Mambo yanayohojika hivyo ni mengi: taarifa ya mapato na matumizi inayopaswa kubandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mtaa, Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo ambao kamati yake inaongozwa na mbunge mwenyewe, na mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Andika barua, peleka nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Nendeni watu wa vyama tofauti, kwa sababu iliyoelezwa kwenye swali la 8.

17. Ripoti ya CAG ni nene. Nianzie wapi?

Hutolewa hadharani kila Aprili na ipo mtandaoni. Usianze na vichwa vya habari vya mabilioni ya mashirika. Fungua ripoti ya Serikali za Mitaa, tafuta jina la manispaa yako, kisha angalia mapendekezo ya mwaka uliopita ambayo hayajatekelezwa. Hoja ikijirudia miaka mitatu, una swali la kumpelekea diwani ambalo halina chama.

18. Kwenye grupu letu la mtaa kila hoja inageuka ugomvi wa vyama. Tufunge siasa kabisa?

Mkifunga siasa mtakuwa mmefunga pia habari za maji, taka na ulinzi shirikishi, maana zote zinamgusa kiongozi fulani. Magrupu yanayodumu huwa na sharti moja: anayeleta malalamiko alete picha, tarehe au karatasi. Videwo za "sambaza kabla haijafutwa" ziende kwingine.

19. Napiga kura tatu: rais, mbunge na diwani. Nikizigawa kwa vyama tofauti zinaharibika?

Haziharibiki. Ni karatasi tatu tofauti na kila moja inahesabiwa peke yake. Makada wa pande zote watakushawishi uchague "mafiga matatu", na sababu yao unaielewa. Diwani ndiye unayeweza kumfikia kwa miguu, kwa hiyo kura yake ndiyo rahisi zaidi kuipiga kwa kuangalia kazi badala ya rangi, pale ambapo kwenye karatasi yake kuna jina zaidi ya moja.